Jicho Lililoshonwa Konea Mpya

Mvuvi wa Asembo Bay aliyeshonwa konea mpya huko Nairobi, na ambaye sasa aziona hata nyuzi za wavu wake, aweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Bado. Konea ni ule utando mwangavu wa mbele ya jicho, mfano wa kioo cha saa. Ukipata kovu au ukichongoka, daktari huukata na kushona mahali pake utando wa mtu aliyefariki.

Kazi hiyo si ngeni. Daktari Eduard Zirm alifaulu mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1905, katika mji uitwao leo Olomouc, nchini Cheki. Naye alishona macho mawili ya mgonjwa wake, lakini moja tu ndilo lililopona.

Shida kubwa ni mwili kuukataa utando wa kigeni. Konea haina mishipa ya damu, ndiyo maana walinzi wa mwili hawamtambui mgeni huyo upesi. Lakini mishipa ikiota humo, walinzi hupata njia. Jambo hili laweza kutokea baada ya wiki chache au baada ya miaka mingi. Jicho huwa jekundu, nuru huliumiza, na macho huona ukungu. Aonaye hata dalili moja asingoje siku ya soko. Dawa ya matone ikianzwa mapema, mara nyingi utando husalimika. Akichelewa, waweza kuwa mweupe kama jicho la samaki aliyepikwa.

Lakini dawa hiyo yenyewe yaweza kuongeza presha ndani ya jicho pasipo maumivu yoyote, au kuleta mtoto wa jicho. Kwa hiyo mgonjwa asiizidishe wala kuiacha bila amri ya daktari, wala asimgawie jirani.

Kisha kuna nyuzi za mshono, ambazo huenda zikakaa mwaka mzima na zaidi. Uzi uliolegea hukereketa kama mchanga, nao ni mlango wa vijidudu. Mtu wa ufukoni hudhani ni mchanga kweli, akalifikicha jicho! Hata kovu likifunga, halipati nguvu ya kwanza. Pigo la kasia laweza kulipasua.

Nauli ya kufika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu, au ile ya macho ya Sabatia huko Vihiga, na iwekwe kando nyumbani pamoja na karatasi za matibabu.