Kishoka Mbele ya Jicho la Mti

Kishoka cha kwanza nilichofua kwa mkono wangu kiliharibika pigo la tatu. Nilikuwa nimekinoa hadi kinanyoa malaika ya mkono, nikakipeleka kwenye gogo kavu la mwarobaini, na kilipogonga jicho la mti makali yakameguka kipande chenye umbo la mwezi mchanga. Cha pili hakikumeguka. Makali yake yalilala upande kama ukingo wa bati. Vyote viwili vilitoka kwenye springi moja ya lori na vilifuliwa juu ya fuawe moja, siku moja. Kilichovitenganisha ni moto wa mwisho, ule ambao wengi huuona kama jambo dogo: mmoja niliuacha mapema mno, mwingine niliuchelewesha.

Tuanze na chuma chenyewe. Fundi akikuuzia shoka la nondo, amekuuzia kitu cha kupasulia mihogo. Nondo nyingi zina kaboni kidogo, na bila kaboni ya kutosha chuma hakikubali kugeuka kigumu, hata ukichovye mara kumi. Springi za majani za magari ya mizigo kwa kawaida zina kaboni ya karibu asilimia 0.6. Kiasi hicho kinatosha kushika makali na hakizidi hadi chuma kikawa kama chupa. Usiamini macho peke yake. Kata ukanda mwembamba, upashe moto hadi uwe mwekundu, uutumbukize majini, kisha uugonge na nyundo. Ukikatika kwa sauti kavu na ndani ukaonekana kijivu chenye chembe laini, una chuma cha shoka. Ukipinda, tafuta kingine.

Springi kuukuu ina hila moja. Imebeba mizigo barabarani kwa miaka, na huenda ina ufa usioonekana. Wahunzi hupaka mafuta ya taa, hufuta vizuri, kisha hunyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kuchora mstari mweusi juu ya ule weupe. Kipande chenye mstari huo kitupe bila huruma, maana ufa haufi kwa kufuliwa.

Kufua kwenyewe ni kazi ya nyundo na subira. Mimi hukata kipande cha urefu wa sentimita 16 hivi, nikakipasha hadi rangi ya chungwa, nikavuta upande mmoja uwe msuka mrefu uliochongoka na upande wa pili nikautandaza uwe upana wa vidole vinne. Rangi ikishuka kuwa nyekundu iliyofifia, rudisha motoni. Chuma kilichopoa hupasuka ndani ukiendelea kukipiga. Kikianza kutoa cheche kama fataki, umekiunguza, na sehemu hiyo haiponi tena. Umbo likikamilika, kipashe mara tatu hadi kiwe chekundu na kila mara ukiache kipoe chenyewe hewani. Chembe za chuma zilizovurugwa na nyundo hujipanga upya hapo. Wenye haraka huruka hatua hii, na nyufa huwakuta mbele.

Sasa ndipo shoka linapozaliwa au kufa. Fanya kazi kivulini, kwa sababu jua hudanganya jicho kuhusu rangi ya chuma. Pasha makali polepole, ukigusisha sumaku kila baada ya muda. Kwenye joto la nyuzi 770 za Selsiasi chuma huacha kuvutwa na sumaku. Sogeza kidogo mbele ya hapo, hadi nyuzi 820 au 840, kisha chovya sentimita tatu za makali ndani ya mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto kidogo. Maji hupoza kwa kasi kubwa mno kwa springi na mara nyingi huipasua. Mafuta machafu ya injini yanafanya kazi, lakini moshi wake una sumu na siyashauri.

Ukitoa, pitisha tupa juu ya makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimeshika, na kwa sasa ni kigumu kupita kiasi. Mafundi wengi hunoa hapohapo na kuuza, na mnunuzi hupata mwezi mchanga kama wangu wa siku ile. Kinachohitajika ni moto wa pili, mdogo, unaopunguza ugumu kidogo na kurudisha ustahimilivu. Sugua ubapa kwa msasa hadi ung'ae. Pasha upande wa mgongo, mbali na makali, uangalie rangi zikitambaa kuelekea mbele: kwanza manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 230 hivi, kisha kahawia, kisha zambarau kwenye nyuzi 280, kisha buluu. Manjano inafaa wembe, na buluu ndiyo ya springi. Shoka linataka zambarau inayoanza kuelekea buluu. Ikifika ukingoni, tia majini mara moja. Kati ya zambarau na buluu iliyopauka kuna sekunde chache tu, na kishoka changu cha pili kilipotelea humo.

Mpini nao una elimu yake. Mashoka ya viwandani ya Ulaya yana tundu ambamo mti hupita. Shoka la jadi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hufanya kinyume: mti ndio wenye tundu, na msuka wa chuma hupita ndani yake. Kwa muundo huu kila pigo hukaza zaidi, kwa sababu gogo linasukuma chuma kiingie. Ndiyo maana kichwa cha mpini huachwa kinene, tena huchaguliwa sehemu ya shina karibu na mzizi au panapoungana na tawi, ambapo nyuzi za mti zimefumana na hazipasuki kirahisi. Mkole na mpera inanifaa. Tundu huchomwa kwa chuma cha moto, lakini usitumie msuka wenyewe, maana joto litatembea hadi kwenye makali na kuharibu rangi uliyoihangaikia. Fua kipande kingine chenye mchongoko uleule. Kisha jambo ambalo sikulisikia kwa mtu yeyote, nililiona kwenye mipini iliyopasuka: msuka ubane juu na chini, kwa mkondo wa nyuzi, na pembeni ulegee kwa upana wa karatasi. Ukibana pembeni, unakuwa kabari inayopasua mpini wako mwenyewe.

Majaribio hufanywa kwa miwani ya kukinga macho na watu wakiwa mbali. Ninaanza na mti laini, mapigo ishirini, halafu nakagua. Nahamia kwenye mkaratusi mkavu, kisha kwenye jicho la mti, mahali pagumu kuliko pote. Ukaguzi ni rahisi: elekeza makali kwenye mwanga wa dirisha. Makali mazima hayaonekani. Ukiona nukta inayometa, hapo pameumia. Gusa nukta hiyo kwa ukucha. Ikiwa ni pengo lenye kingo kali, moto wa pili haukutosha: rudisha, pasha hadi rangi isogee mbele kidogo, noa, jaribu tena. Ikiwa makali yamejikunja, kwanza angalia pembe ya kunoa, maana pembe iliyo chini ya nyuzi 25 ni nyembamba mno kwa mti mgumu. Pembe ikiwa sawa, basi moto ulizidi, na hapo hakuna njia ya mkato. Anza upya kwenye sumaku.

Mwisho nachora mstari wa penseli kwenye msuka, pale unapoingia ndani ya mpini, nakiacha kishoka kilale usiku kucha baada ya kazi. Asubuhi mstari ukiwa umezama milimita moja au mbili na kichwa cha mpini hakina ufa, kila kitu kimekaa. Siku ya kunoa, gonga ncha ya msuka iliyochomoza nyuma, na chuma kinatoka chote mkononi, tayari kwa kinoo.