Bakuli la Kipupwe Huanza na Chungwa

Kipupwe kikiingia, machungwa ya Muheza hujaa masokoni Tanga na Dar es Salaam. Mengi ni ya kijani, na asiyeyajua huyadhania mabichi. Ukijani wa ganda huondoka usiku ukiwa na baridi kali, na pwani haina baridi hiyo hata mwezi wa Julai. Ganda hubaki kijani, ndani tunda limeshaiva. Mwenye kuandaa saladi ya matunda nyumbani msimu huu na aanze na hilo. Utamu wake ni sababu ndogo. Kubwa ni kwamba chungwa huyalinda matunda mengine.

Kata epo, ndizi au parachichi, uliache mezani. Muda si mrefu weupe umekuwa kahawia. Ndani ya seli ya tunda, kemikali ziitwazo fenoli hukaa chumba chao, na kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi hukaa chake. Kisu hubomoa kuta. Wawili hao hukutana, oksijeni ya hewani inaingia, fenoli zinageuka kwinoni, na kwinoni zikiungana hutoa rangi ya kahawia. Kwa hiyo kisu kinolewe vizuri: kisu butu huponda seli nyingi zaidi.

Chungwa likikatwa haligeuki hivyo. Tofauti hii ilimshughulisha sana Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, katika miaka ya 1920: kwa nini mimea mingine ikijeruhiwa huwa kahawia na mingine haiwi? Kulifuatilia swali hilo kulimfikisha kwenye kitu tunachokiita leo vitamini C, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba ugunduzi mkubwa kiasi hicho ulianzia kwenye jambo analoliona kila mpishi.

Vitamini C huzirudisha kwinoni kuwa fenoli kabla hazijaungana, lakini yenyewe hutumika katika kazi hiyo. Ikiisha, ukahawia unaendelea. Ndimu huongeza ulinzi wa pili, yaani asidi. Kimeng'enya hiki hulegea sana pH ikiwa chini ya 4, na maji ya ndimu yana pH inayokaribia 2. Ndiyo maana mimi hukamua machungwa mawili na nusu ndimu bakulini kwanza, kisha kila kipande cha epo hudondokea humo moja kwa moja kutoka kwenye kisu. Kunyunyizia ndimu mwishoni ni kuchelewa.

Sukari siweki. Huvuta maji kutoka ndani ya seli, na baada ya saa moja papai limelegea na kuogelea kwenye mchuzi. Ukipenda mtindi juu yake, uweke wakati wa kula tu ikiwa kuna nanasi bichi: bromelaini iliyomo humeng'enya protini za maziwa na kuyatia uchungu.

Bakuli likae kwenye friji likiwa limefunikwa, lakini ndizi ibaki nje, ikiwa haijamenywa. Ndizi ni ya nchi za joto. Baridi ya friji hudhuru utando wa seli za ganda lake, na vile vilivyotengwa vyumba hukutana bila hata kisu kupita. Ganda huwa jeusi. Imenye na kuikata watu wakishakaa mezani.