Dola Zipo, Karatasi Zake Ziko Wapi?

Mtaani Birere, mjini Goma, noti ya dola mia hukaguliwa kama mgonjwa. Mbadilisha pesa huinyoosha kwa vidole, huigeuza kwenye mwanga, hutafuta mpasuko pembeni. Ikiwa imechanika hata padogo, inarudi kwa mwenyewe. Ilikotoka, hakuna anayeuliza.

Nchi za nje huanza na swali hilohilo kwa anayetaka kupata kibali cha ukaazi kwa njia ya uwekezaji. Utaratibu wenyewe hauna fumbo. Nchi hutaja kiasi cha fedha na mahali pa kuziweka: nyumba, kampuni au mfuko wa uwekezaji. Anayetimiza masharti huruhusiwa kuishi huko kwa muda fulani, mara nyingi pamoja na mwenzi wake na watoto. Hapewi uraia, na hilo kwa Mkongomani ni afadhali: kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Kibali cha ukaazi hakimgusi hapo.

Bei zinatofautiana sana. Kenya hutoa kibali cha daraja G kwa mgeni anayeleta mtaji wa dola 100,000 na kufanya biashara kweli. Zanzibar, kiasi hichohicho kikinunua nyumba katika mradi ulioidhinishwa, kama mji mpya wa Fumba, humfungulia mnunuzi njia ya kupata kibali. Dubai, ambako wafanyabiashara wa Goma wamezoea kufunga mizigo ya nguo, simu na vipuri, nyumba ya dirham milioni 2, yaani karibu dola 545,000, huleta ile inayoitwa viza ya dhahabu, ya miaka 10. Ulaya inarudi nyuma. Ureno, iliyoanza mwaka 2012, iliondoa ununuzi wa nyumba mwaka 2023, na Hispania ikafuta mpango wake Aprili 2025, huku wenyeji wakilalamika kuwa nyumba hazishikiki tena kwa bei.

Kwani Goma nani ana dola laki moja? Wapo. Majumba ya Himbi, kando ya Ziwa Kivu, hayakujengwa kwa maombi.

Tatizo ni kwamba mali ya mji huu imekaa katika paseli, yaani viwanja, katika makontena na katika noti. Paseli nyingi zina karatasi ya mauzo tu, iliyosainiwa mbele ya mashahidi. Cheti cha usajili, ambacho ndicho hati kamili ya ardhi nchini Kongo, wengi hawajawahi kukishika. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliunguza sehemu kubwa ya mji wa biashara, na makaratasi ya watu yakaenda nayo. Halafu Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukasimama. Watu wakawa wanavuka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta pesa zao wenyewe.

Sasa mfikirie mama muuza vitenge anayeambiwa na ofisi ya Nairobi au Dubai alete taarifa ya benki inayoonyesha fedha zilivyoingia mwezi kwa mwezi. Ameuza miaka ishirini, amesomesha watoto, hana hata risiti moja. Juu ya hayo, tangu Oktoba 2022 Kongo imo katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha. Benki ya nje ikiona malipo yametoka Kongo, huuliza mara mbili.

Wenye mipango ya mbali huanza na mambo madogo: kusajili duka kwa jina lao, kulipa kodi kwa stakabadhi, kukimbizana na cheti cha paseli. Wengine hawangoji. Hupanga nyumba Gisenyi, wakaweka watoto shule ng'ambo hiyo, na asubuhi wakasimama kwenye foleni ya mpakani ya Petite Barrière, kitambulisho mkononi, kuja kufungua duka Birere.