Stata Inapogoma Karibu na Petite Barrière

Asubuhi, barabara ya kwenda Petite Barrière, kivuko cha mpakani mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, hufurika watu wanaovuka kwenda Goma na wanaotoka huko. Katikati yao motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, hushusha watu, huzima injini, husubiri, huwasha, husogea kidogo, huzima tena. Safari fupi za namna hiyo huitesa betri. Kila mwasho hunyonya umeme mwingi kwa sekunde chache, na injini haipati muda wa kuurudisha.

Siku ikifika, kitufe kinabonyezwa, inasikika "tak!", kisha kimya. Wenye pikipiki za kiki hupiga kiki na kuendelea na kazi, hivyo ugonjwa unafichika kwa wiki nzima. Wengine hukimbilia kununua betri mpya. Hasara hiyo inaumiza, maana betri mpya haiponyi waya ulioliwa na kutu.

Taa kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima. Balbu ya wati 35 kwenye mfumo wa volti 12 hutumia takriban ampea 3. Stata hudai makumi ya ampea kwa mkupuo. Fundi makini kwa hiyo huanza na mita. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi; ikisoma 12, imekaribia kuisha. Kisha, gia ikiwa nyutro, hubonyeza stata mita ikiwa bado kwenye terminali. Volti zikishuka chini ya 9.6, ama betri imechoka, ama stata imekwama na inanyonya kupita kiasi. Betri hupewa chaji na kupimwa upya kabla ya kutupwa.

Na kama volti hazitikisiki? Ile "tak" ni sauti ya rilei, dalili kwamba kitufe na swichi ya klachi au ya nyutro vinafanya kazi. Pasipo sauti yoyote, hutazamwa fyuzi na swichi hizo. Rilei ikilia bila injini kugeuka, hupimwa kati ya terminali zake mbili nene huku kitufe kimebonyezwa: zikionekana volti 12 badala ya karibu sifuri, ndani kumeungua.

Upande unaosahaulika kuliko zote ni hasi. Waya wake hufungwa kwenye fremu au injini, mahali panaporushiwa matope, na Rubavu ni nchi ya mvua na udongo wa volkano. Mita huwekwa ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya injini, kisha stata hubonyezwa. Kipimo kikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Tiba ni spana, msasa na grisi kidogo juu ya kiungo kilichokazwa. Hapo ndipo fedha ya betri ingeokolewa.

Viungo vikiwa safi na umeme ukafika, imebaki stata yenyewe. Ikigongwa taratibu kwenye gamba lake ikageuka, mara nyingi kaboni zake zimeisha, na hizo hubadilishwa bila kununua stata nzima.

Injini ikishawaka, mita isiondolewe upesi. Mzunguko ukipandishwa, betri inapaswa kusoma kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, chaji haifiki: hukaguliwa regyuleta na koili ya chaji siku hiyo hiyo, kabla motari hajarudi kwenye foleni ya mpakani.