Mguu unapona, kichwa je?

JULAI 2021, basi la Polisi Tanzania lilipata ajali Moshi likitoka mazoezini. Straika Gerald Mdamu akavunjika miguu yote miwili. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye eksirei. Hofu ya kutocheza tena haionekani.

Hofu hiyo haichagui Ligi Kuu. Hata kijana wa Nkowe, Ruangwa, anayeota kuvaa jezi ya Namungo, akiumia goti anakandwa maji ya moto na kuambiwa, "Kaza, wewe mwanaume." Wiki ya kwanza nyumba inajaa wageni. Mwezi wa tatu simu haiiti, namba yake kapewa mwingine, usingizi hauji.

Kocha, nahodha, mpitieni. Mkalisheni benchi na wenzake. Kabla ya kumuuliza anarudi lini, muulizeni analalaje.