Sauti Ghushi Haitambuliwi kwa Sikio

Katika takribani kila mafunzo ya usalama wa mtandao yanayotolewa kwa wafanyakazi wa ofisi, wahasibu wa vyama vya akiba na mikopo au walimu, lipo swali moja linaloulizwa kabla mtoa mada hajamaliza utangulizi: ni dalili zipi zinazomwezesha mtu wa kawaida kutambua kwamba sauti anayoisikia kwenye simu, au uso anaouona kwenye video, umetengenezwa kwa akili mnemba? Swali huulizwa kwa nia njema, na kwa nia njema hiyo hiyo hujibiwa redioni, magazetini na katika makundi ya WhatsApp kwa orodha ya dalili: vihesabiwe vidole, yatazamwe macho kama yanapepesa, isikilizwe pumzi, iangaliwe midomo kama inakwenda sambamba na maneno. Majibu haya yana madhara. Humjengea mtu imani kwamba anaweza kutegemea jicho na sikio lake, na imani hiyo ndiyo mtaji wa tapeli.

Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia au akili unde, ni jina la jumla la mifumo ya kompyuta inayojifunza ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia, kutokana na mifano mingi badala ya kufuata maagizo yaliyoandikwa moja baada ya jingine. Mfumo uliolishwa maelfu ya saa za usemi hujifunza jinsi sauti ya binadamu inavyopanda, inavyoshuka na inavyokatika, na baada ya hapo huhitaji sampuli ndogo tu ili kuiga sauti ya mtu mahususi. Mnamo Januari 2023 watafiti wa Microsoft walieleza mfumo walioupa jina la VALL-E, ambao ulihitaji rekodi ya sekunde 3. Ujumbe wa sauti wa kumtakia ndugu heri ya Idi ni mrefu kuliko hapo.

Historia ya orodha za dalili yenyewe inatosha kuzibatilisha. Mnamo 2018 Siwei Lyu na wenzake, waliokuwa wakifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Albany nchini Marekani, waligundua kwamba nyuso katika video ghushi za wakati huo hazikupepesa macho kama za watu halisi, kwa sababu mifumo ilikuwa imefunzwa kwa picha zilizokusanywa mtandaoni, na ni nadra mtu kuchapisha picha aliyopigwa akiwa amefumba macho. Ugunduzi huo ulikuwa sahihi. Hata hivyo, wiki chache baada ya kutangazwa, video ghushi zenye macho yanayopepesa zilianza kuonekana, kwa kuwa waundaji waliongeza picha za macho yaliyofumbwa katika mafunzo ya mifumo yao, na tatizo likawa limekwisha. Jambo lililokuwa kweli kwa wiki kadhaa za mwaka 2018 bado linafundishwa kwa watu wazima kana kwamba ni kanuni ya maumbile.

Kilichotokea kwa macho hakikuwa bahati. Mnamo 2014 Ian Goodfellow na wenzake walieleza mbinu ambayo ndani yake mifumo miwili hufunzwa kwa kushindanishwa: mmoja hughushi na mwingine hukagua, na kila mara mkaguzi anapobaini kasoro, kasoro hiyo hurudishwa kwa mghushi kama somo, mpaka mkaguzi anabaki akibahatisha. Si mifumo yote ya leo inayotumia mbinu hiyo, lakini kanuni iliyo nyuma yake inaihusu yote: kosa linaloweza kuelezwa linaweza kupimwa, na linaloweza kupimwa linaweza kusahihishwa. Kwa hiyo dalili ikishakuwa maarufu kiasi cha kuchapishwa gazetini, wenye nia ya kughushi nao wameisoma.

Wapo watakaosema kwamba mtu makini, mwenye shaka, bado anaweza kujiokoa kwa macho yake. Tukio la Hong Kong la mwanzoni mwa 2024 linajibu hoja hiyo kwa namna isiyoacha nafasi ya mabishano. Mfanyakazi wa fedha katika tawi la kampuni ya uhandisi ya Arup alipokea ujumbe uliodaiwa kutoka kwa mkuu wa fedha aliyeko Uingereza, ukizungumzia malipo ya siri, naye akauona kuwa wa kutiliwa shaka. Shaka yake ilikuwa sahihi kabisa. Ndipo alipoalikwa kwenye mkutano wa video, akaona nyuso za wakubwa na wenzake aliowafahamu, akasikia sauti zao, na shaka ikamtoka. Washiriki wengine wote wa mkutano ule walikuwa wa kutengenezwa. Alifanya miamala 15 kwenda kwenye akaunti 5, jumla yake ikiwa dola za Hong Kong milioni 200, ambazo ni takribani dola za Marekani milioni 25. Ni muhimu kuelewa ni kitu gani hasa kilichomponza, kwa sababu wanaosimulia kisa hiki mara nyingi humlaumu kwa uzembe ambao hakuufanya: alikuwa salama alipokuwa na shaka, akaangamia alipoamua kuiondoa kwa kutazama na kusikiliza.

Miaka mitano kabla, mnamo 2019, mkuu wa kampuni ya nishati nchini Uingereza aliidhinisha malipo ya euro 220,000 baada ya kupigiwa simu na sauti aliyoamini kuwa ya bosi wake wa Ujerumani, kwa kuwa aliitambua lafudhi yake ya Kijerumani na mwendo wake wa kuzungumza. Sikio lake lilifanya kazi barabara. Lilisikia kile kilichoandaliwa ili lisikie.

Utafiti unathibitisha kwamba udhaifu huu si wa watu wachache. Watafiti wa University College London, UCL, walichapisha mwaka 2023 matokeo ya jaribio lililohusisha watu 529, waliosikilizishwa sauti za Kiingereza na za Kimandarini, ambamo wasikilizaji walibaini sauti ghushi kwa asilimia 73 tu, na kufundishwa kwa mifano kuliwaboresha kidogo sana. Wasikilizaji hao walikuwa wametulia, wakijua kwamba wanapimwa. Mtu anayeambiwa saa nne usiku kwamba mwanawe amepata ajali na hospitali inadai malipo hana utulivu huo, wala hana sauti safi kama ile ya maabara, kwa sababu simu ya kawaida huchuja sauti na kubakiza masafa kati ya takribani hezi 300 na 3,400, hivi kwamba vipengele vidogo vya sauti ambavyo huenda vingemfichua mghushi hupotea njiani kabla ya kufika sikioni.

Aidha, orodha za dalili humdhuru mkweli. Mama mgonjwa anayepiga simu akiwa kijijini, kwa kutumia simu ya jirani, sauti ikiwa imekauka na mtandao ukikatika kila baada ya maneno matatu, ana dalili zote za kughushi zilizowahi kuorodheshwa. Tapeli mwenye kompyuta nzuri hana hata moja.

Pamoja na dalili hizi, kuna ushauri wa zamani zaidi kwamba ujumbe wa kitapeli hutambulika kwa makosa ya lugha. Ushauri huo ulitokana na barua pepe za Kiingereza zilizoandikwa na watu wasiokimudu Kiingereza, ukatafsiriwa na kuletwa Afrika Mashariki bila mtu kujiuliza kama unafaa. Ujumbe maarufu wa Tanzania unaomwambia mpokeaji kwamba ile hela aitume kwenye namba hii haukuwahi kuwa na dosari ya Kiswahili. Uliandikwa na wazawa kwa wazawa, kwa lugha ile ile ambayo mpangaji na mwenye nyumba wake huandikiana. Sasa mifumo ya lugha, yaani programu zilizofunzwa kwa maandishi mengi mno kiasi cha kuweza kutunga mapya, huandika Kiswahili kinachokubalika, na huweza kumwandikia kila mlengwa ujumbe wake, wenye jina lake na kazi yake, kwa gharama ndogo sana. Hapo ndipo yalipo mabadiliko makubwa ya tishio lenyewe. Ulaghai wa kuigiza mtu ni wa kale. Kilichoshuka ni bei yake, kwani maandalizi yaliyomgharimu tapeli siku kadhaa kwa mlengwa mmoja tajiri sasa yanaweza kufanywa kwa maelfu ya watu wa kipato cha kawaida.

Baada ya kukatishwa tamaa na macho yake, mwulizaji huomba programu ya kutambua ughushi badala yake. Hesabu ifuatayo, ambayo ni ya mfano tu, yafaa kufanywa na kila anayetaka kununua programu ya namna hiyo. Benki inapokea simu 10,000 kwa siku, 10 kati yake zikiwa ghushi, na programu yake ni sahihi kwa asilimia 95 katika kubaini ghushi na vilevile katika kupitisha za kweli. Itanasa simu ghushi 9 au 10, jambo jema, lakini pia itawatuhumu takribani wateja 500 wa kweli, kila siku, na mtumishi anayeshughulikia tahadhari hizo ataacha kuziamini kabla ya mwezi kwisha. Programu za aina hii zina kazi yake kama msaada kwa wachunguzi, si kama hakimu mfukoni mwa kila mtu.

Si haki kuzungumzia akili mnemba kana kwamba iko upande wa wahalifu pekee. Benki na kampuni za simu huitumia kutazama mienendo ya miamala na kusimamisha ile isiyofanana na desturi ya mteja, na kazi hiyo huokoa fedha bila mteja kujua. Mnamo Novemba 2024 Google ilitangaza kwamba mfumo wake uitwao Big Sleep ulibaini kasoro ya kiusalama katika SQLite, programu ya kuhifadhi data iliyomo karibu katika kila simu janja, na kasoro hiyo ikarekebishwa kabla ya kuingia katika toleo rasmi. Mwezi Agosti 2025 yalihitimishwa mjini Las Vegas mashindano ya shirika la utafiti wa ulinzi la Marekani, DARPA, ya mifumo inayotafuta na kuziba kasoro za programu bila kuongozwa na binadamu, na kundi la Team Atlanta likatwaa dola milioni 4. Wakati huo huo, visaidizi vya akili mnemba vinavyosomea watu barua pepe vimefungua mlango mpya, kwa kuwa havitofautishi kwa uhakika kati ya agizo la mmiliki wake na agizo lililofichwa na mgeni ndani ya barua. Kwa sababu hiyo kisaidizi cha namna hiyo kisipewe ruhusa ya kulipa wala kutuma nyaraka peke yake.

Swali linalostahili kuulizwa ni lipi, basi? Ni jinsi ya kuthibitisha, kwa njia ambayo mpigaji hakuichagua yeye. Mwezi Julai 2024 mtendaji mmoja wa Ferrari alipigiwa simu na sauti ya mkuu wa kampuni, Benedetto Vigna, yenye lafudhi yake ya kusini mwa Italia. Mtendaji huyo alihisi kasoro ndogo katika sauti, lakini hakuifanya hisia hiyo kuwa hukumu. Aliuliza jina la kitabu ambacho Vigna alikuwa amempendekezea siku chache kabla. Simu ikakatwa.

Yanayobaki ni machache, na hayahitaji kipaji. Simu yoyote inayodai fedha, namba ya siri au haraka ikatwe, na mhusika apigiwe kwa namba iliyokuwapo tangu zamani, si ile iliyopiga, kwani hata namba inayoonekana kwenye kioo huweza kughushiwa. Ofisini, malipo yaidhinishwe na watu wawili, na badiliko la akaunti ya mgavi lihakikiwe kwa namba iliyomo kwenye mkataba. Namba ya uthibitisho inayoletwa kwa ujumbe asitajiwe mtu, hata anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe kwenye barua pepe na WhatsApp, na simu isasishwe kila toleo jipya linapotoka. Aliyeko Tanzania ahakiki kwa *106# laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba ya tapeli aitume kwenda 15040.

Msomaji mwenye mzazi anayetumia simu na afanye jambo moja zaidi: amtembelee au ampigie kwa namba anayoijua, wakubaliane swali moja la familia ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa mtandaoni, wala lisiwe tarehe ya kuzaliwa au jina la shule, na wasilitume kwa ujumbe. Alifanye leo, wakati hakuna anayeumwa na hakuna anayeomba hela.