Kati ya Picha Mbili

Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kusoma aya nzima kwa sauti bila kukwama, lakini ukimuuliza inahusu nini anabaki kukutazama. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili katika hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa, mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, ufahamu nao ni sifuri. Shule zetu hukazania kile cha kwanza.

Kwa hicho cha pili, watu husema katuni husaidia kwa kuwa picha hurahisisha mambo. Mimi nazipendea kazi zinayomwachia msomaji. Tuseme kisanduku cha kwanza kinamwonyesha mama akimpa Juma noti na chupa ya kununulia mafuta ya kula. Cha pili, Juma yuko uwanjani na chupa imegeuzwa goli. Cha tatu, kasimama mlangoni, mkono mmoja nyuma: "Mama, dukani wamefunga." Hakuna palipoandikwa kwamba anadanganya. Mtoto hulijua hilo kwa kuziunganisha picha mwenyewe. Pengo lililo kati ya visanduku, ambalo mchoraji Scott McCloud alilichambua kwa kirefu katika kitabu chake cha 1993, ndilo linalomfikirisha. Swali la mwalimu hapo ni fupi: "Umejuaje?"

Kuna pia viputo vya maneno na vya mawazo. Mwenyeji anamwambia mgeni, "Karibu shangazi, ukae hata mwezi," na juu ya kichwa chake, katika kiputo cha mawazo: "Unga umebaki kilo mbili." Mtoto anayecheka amekwisha kukielewa kinaya kabla hajafundishwa jina lake.

Wasomaji wa jarida la katuni la Sani, au wa katuni ya Juha Kalulu katika gazeti la Taifa Leo, walipata mazoezi haya bila kuitwa darasani. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010, huwatia baadhi ya walimu wasiwasi kwa lugha yake ya mitaani, Sheng. Ningelitumia hivyo hivyo, kisha wanafunzi wayaandike upya mazungumzo kwa Kiswahili sanifu. Huwezi kufanya hivyo bila kuelewa kilichosemwa.

Michezo ya mezani nayo yaweza kujenga ufahamu, ila inahitaji uangalifu zaidi. Ludo na nyoka na ngazi peke yake hazifundishi kusoma, maana dadu ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Ongeza kadi zilizokatwa kwenye maboksi matupu, kila moja na agizo lake: "Rudi nyuma nafasi tatu, isipokuwa kama wewe ndiye wa mwisho." Mwenye haraka huruka "isipokuwa" na kurudisha kete yake bure, mpaka jirani amstue. Anza na kadi za "kama", ndipo ulete "isipokuwa" na "kabla ya". Ubishi ukizuka, na utazuka, mwalimu asiwe mwamuzi: kadi isomwe tena kwa sauti, na kila upande uonyeshe neno unaloliegemea.